Mkono Uliozima Moshi

Nilikuwa nimelala ubavu kwenye majani makavu, porini Sikonge, nyuki wananichoma kichwani, shingoni, mpaka ndani ya sikio, na kamera yangu inaendelea kupiga picha. Klak, klak, klak. Kidole kilikuwa kimegandia kwenye kitufe na akili ya kukitoa sikuwa nayo. Jicho la kushoto lilishachomwa, nilihisi kama mtu kanibandika kaa la moto. Jicho la kulia lilikuwa limebanwa kwenye kitundu cha kuchungulia, na hilo ndilo lililopona. Kwa hiyo nikiwaambia mlibane jicho vizuri kwenye kamera, msidhani nafundisha pozi. Mimi naona leo kwa sababu hiyo.

Naitwa Tatu. Mjini Tabora wananiita Tatu Picha, hata sasa ambapo picha sipigi tena. Nimesoma mpaka darasa la saba, na la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Vijana wa kamera hapa mjini mmenisumbua mwaka mzima, "Mama, tuandikie unayoyajua." Haya, naandika. Lakini nitaandika ninavyojua mimi, na yupo mtu mmoja nitamtaja kwa jina. Asiyetaka kusikia jina hilo aishie kwenye mambo ya lenzi.

Kazi nilifundishwa na Mzee Seif, aliyekuwa na studio ndogo nyuma ya soko. Hakuwa ndugu yangu wa damu, ila nilimwita mjomba, naye alinigombeza kama mjomba kweli. Studio yake ilikuwa na pazia lililochorwa treni. Watu walitoka vijijini wakapita kituo cha reli chenye treni ya kweli, wakaja kwa Mzee Seif kupiga picha mbele ya treni ya rangi. Nikamuuliza siku moja, mjomba, hawa si wangesimama tu stesheni? Akanitazama juu ya miwani.

"Ile ya stesheni inaondoka, Tatu. Hii yangu inawasubiri."

Enzi hizo mkanda ulikuwa na picha thelathini na sita, basi. Mzee Seif alikuwa hapigi mpaka ashushe pumzi. Nami akinipa kamera alikuwa ananishika bega: "Pumua, toa, nusu, bonyeza," yaani kidole kishuke nusu kwanza. Nyie leo mnabonyeza kama mnapukuchua mahindi, halafu jioni mnafuta mia tatu. Sisemi msibonyeze. Nasema pumueni.

Nilipoipata hiyo mnayoiita DSLR, mimi niliiita kamera ya kioo. Ukiivua lenzi unakiona kioo kidogo kimelala mshazari. Unapochungulia unaona kitu chenyewe kupitia lenzi, kwa mwanga wake, sio runinga ndogo. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, mwanga unapita nyuma, kioo kinarudi. Ile klak mnayoisikia ni kioo kinapiga kofi. Kwa hiyo sekunde ile unayopiga picha, wewe mpigaji huoni kitu. Mzee Seif aliposikia hivyo alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani kila picha nzuri uliyopiga hukuiona!" Ndiyo hivyo.

Sasa makosa. Nianze na la mama mkwe.

Nilinunua lenzi ya namba ndogo, ile f moja nukta nane, nikajiona nimefika. Katika lenzi namba ndogo maana yake tundu kubwa, hilo lishikeni kama jina la mama yenu. Tundu likiwa kubwa mwanga unaingia kwa wingi, ila kinachoonekana vizuri ni kitu kimoja tu, mbele yake na nyuma yake panakuwa ukungu. Nikaenda nayo kwenye harusi moja ya Wamoravian, familia ya wakulima. Bibi harusi nikamtoa kope kwa kope, unazihesabu. Nyuma yake, hatua mbili, kasimama mama mkwe na kitenge kipya na kilemba kama mnara. Picha zilipofika, mama yule alikuja dukani kwangu akiwa ameshika moja, hakunisalimia.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe mama."

"Mimi ni mvuke? Nimesuka mikeka miaka miwili nipate kitenge hiki, umenitoa mvuke!"

Tangu siku hiyo, kundi la watu nalipiga kwa f nane. Bibi harusi peke yake, hapo utafungua tundu utakavyo. Mama mkwe akiwepo, f nane.

La pili lilitokea Kigwa. Mwalimu mmoja wa pale alitaka picha yake na treni ikipita nyuma, yeye ametulia, treni inakimbia. Nikaweka kasi ndogo ya shata, ule mlango wa mwanga ndani ya kamera, sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, kamera mkononi bila stendi. Treni ikatoka mstari mrefu wa rangi, safi kabisa. Na mwalimu naye akatoka mstari, kwa sababu mkono wangu ulitikisika. Akaniambia kwa upole wa walimu, "Dada Tatu, mimi nilikuwa nimesimama. Ni wewe uliyekuwa unasafiri." Kasi ikishuka chini ya moja ya sitini, tafuta stendi, au mti, au bega la mtu.

Na ISO, hii namba ya kuiamsha kamera ione gizani. Niliipandisha mpaka elfu sita na mia nne kanisani siku ya kipaimara, kesho yake nikaenda kupiga maulidi uwanjani jua la saa saba, nikasahau kuirudisha. Mashehe wote wakatoka kama wamenyunyiziwa ufuta. Kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani angalia ISO, halafu angalia betri, halafu ndiyo ule chai.

Haya, mnaona mambo yenyewe ni ya kucheka. Sasa sikilizeni ya Sikonge.

Kulikuwa na mradi wa asali. Jina la mradi naliacha, mradi hauna mkono wala mdomo. Mratibu wake ndiye alikuwa na mkono na mdomo, anaitwa Desideri Malongo. Alikuja dukani kwangu kavaa shati limenyooshwa, anafukiza manukato kuanzia mlangoni. Alitaka picha za kalenda kwa ajili ya wageni wafadhili, mrina asali juu ya ngazi, mzinga wa gogo, asali inachuruzika. Nikasema sawa, wenyewe wanarina jua likishazama, nyuki wakiwa wametulia, kwa hiyo nitabeba stendi, nitapandisha ISO kidogo, picha itatoka.

"Sitaki picha za giza," akasema. "Asubuhi. Jua liwe juu."

"Bwana Malongo, kamera hii inaona jioni kuliko wewe."

"Dada Tatu, wewe piga picha. Mambo ya kitaalamu niachie."

Mambo ya kitaalamu! Mtu ambaye mzinga aliuona kwenye kitabu.

Tulipofika kijijini tukapokewa na mrina, Mzee Yohana Kapela, amerina asali tangu ana meno ya utoto. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, akasogea, akaninusa.

"Mwanangu, unanuka harusi. Nyuki hawapendi."

Kumbe kweli. Mimi mtoto wa mjini, nguo zangu nafukiza udi, na siku ile nilikuwa nimefukiza vizuri zaidi kwa sababu ni safari. Mzee akanipa shuka la mkewe nijifunge, akanipaka majivu mikononi na shingoni. Alipomgeukia Malongo na majivu, Malongo akarudi nyuma. "Mimi nitakaa mbali, Mzee wangu. Mimi ni msimamizi tu." Manukato yake yalikuwa yanatangulia mbele yake kama pikipiki ya polisi.

Mzee Yohana alikataa kurina asubuhi, mjue hilo. Alisema mara mbili mbele yangu. "Saa hizi wamechangamka. Tungoje jua lishuke." Malongo akamwambia wageni hawangoji jua, na mwenyekiti wa kikundi cha warina alishakubali. Mzee akasema basi iwe kwa moshi mwingi, na hakuna mtu kugusa moshi. Akafunga kienge kikubwa cha magome makavu, akakiwasha. Akaufukizia mzinga muda mrefu, kisha akakiegemeza kwenye jiwe chini ya ngazi ili moshi uendelee kupanda, akapanda kwa mikono miwili, akafungua kifuniko.

Hapo nina kosa langu, nalisema kabla sijasema la mwingine. Nilikuwa nimepewa wavu wa kufunika uso. Wavu unagusa kitundu cha kuchungulia, sioni fokasi, yaani kipi kiko wazi na kipi ukungu. Nikauvua. Hakuna aliyeniamuru. Jicho la kushoto mimi huliacha wazi ninapopiga, ndivyo alivyonifundisha Mzee Seif, la kulia lione picha, la kushoto lione kinachokuja. Lilikiona kweli.

Nilikuwa nimeweka kamera kwenye mfululizo, ile kushikilia kitufe inapiga yenyewe bila kuacha, ili nisikose tone la kwanza la asali. Kabla sijaiinua juu nikapima mwanga pale chini, kwenye moshi. Jua lilikuwa limeupiga kwa nyuma, mweupe, unazunguka kama maziwa kwenye chai. Nikabonyeza. Ndani ya kitundu nikaona mkono unaingia kutoka kulia. Mkono wa mwanamume, mkono wa shati umekunjwa vizuri, saa yenye mkanda wa bluu, chupa ya maji. Chupa ikainama. Maji yakamwagika juu ya kienge, kikalia fyuu, moshi ukakatika.

Nikasikia sauti ya Malongo, "Moshi unaharibu picha. Inafanana na jiko la mkaa."

Nilipaswa kupiga kelele. Nilipiga picha. Wanangu, hiyo ndiyo hatari ya kitundu kile, ukichungulia humo unadhani mambo yanatokea kwa watu wengine. Nilipiga picha nne za mkono ule, halafu nikainua lenzi juu nikatafute asali.

Mzee Yohana yuko kwenye ngazi, mzinga uko wazi. Hakugeuka. Akasema taratibu tu, "Nani kazima moshi?"

Hakuna aliyemjibu. Mpaka leo.

Yaliyofuata nimeshawaambia. Nyuki niliwasikia kabla sijawaona, halafu nikawa chini. Mzee Yohana alishuka ngazi akaruka vipandio vya mwisho, akavua koti lake na kunifunika nalo, akalala juu yangu. Mgongo wake ulikuwa na fulana tu. Malongo alikuwa ameshafika kwenye gari na kupandisha vioo.

Nililazwa pale hospitali ya Kitete. Siku ya pili, nikiwa nimevimba kama andazi, nikasikia manukato kabla ya mtu. Malongo, ana soda mbili na biskuti.

"Pole sana Dada Tatu. Mungu mkubwa. Sasa, ile kadi ya picha, unajua ni mali ya mradi."

"Kamera iko kwenye kabati. Nipe nikutolee."

Nikaitoa kadi kwa kupapasa, nikampa. Akaishika kama mtu kapewa mtoto, akaniaga haraka. Na hapa ndipo nawaambia, mkinunua kamera, kama mnaweza, nunueni yenye matundu mawili ya kadi. Unaiambia iandike kote kote, kila picha inaingia mara mbili. Malongo alichukua moja. Ya pili ilibaki ndani, nikarudi kulala. Biskuti zake nilikula, sikuwa na ugomvi na biskuti.

Wiki chache baadaye ripoti ikasomwa kwenye kikundi. Imeandikwa kwamba mrina asali, Yohana Kapela, hakuwa makini na moshi, kikazimika kienge chake, mama wa watu akapoteza jicho. Wakamtoa kwenye kikundi. Mizinga yake wakaiandika kwa mwingine. Kijijini wakamtungia jina: mzee aliyempofusha mpiga picha.

Nilipopata nguvu nikapanda pikipiki mpaka Sikonge na kamera shingoni, nikaingia kwenye kamati ya kikundi. Nikawaonyesha mkono, chupa, maji. Watu wakasogea kutazama. Malongo akaomba kamera, akabonyeza kitufe cha taarifa, akaanza kutabasamu.

"Mwenyekiti, soma tarehe."

Tarehe kwenye picha ilikuwa ya miaka kabla kikundi hakijazaliwa. Betri ndogo ya saa ndani ya kamera yangu ilikuwa imekufa zamani. Kila nikiiwasha inaniuliza leo tarehe ngapi, nami naijibu sawa, sawa, kama namjibu mke mwenza. Malongo akasema hizo ni picha za porini kwingine, mwaka mwingine, mkono wa mtu mwingine. Wakacheka. Mmoja akasema, "Tatu, jicho limeondoka na kalenda." Nikatoka.

Kwa hiyo wekeni saa. Hata kama hampigi nyuki. Mnaipiga leo harusi, hamjui kesho itaulizwa nini.

Lakini nilipofika nyumbani nikatulia, nikafanya kama Mzee Seif, pumua, toa, nusu. Tarehe ni kitu unachoiambia kamera. Namba ya picha kamera inajipa yenyewe. Picha ya kwanza ya mkono ni 4417. Ya nne ni 4420. Ya 4421 ni mguu wa Mzee Yohana kwenye ngazi. Ya 4426 nyuki wameshajaa kama vumbi. Halafu majani, majani, majani, ni mimi niko chini na kidole changu kimegandia, kamera inapiga inapumua, inapiga inapumua, maana zikiwa nyingi inachelewa kuzimeza. Ya 4439 ni koti la Mzee Yohana linashuka. Katikati hapo hakuna namba iliyoruka. Asubuhi moja, pumzi moja. Picha za mwaka mwingine zingeingiaje humo?

Na ipo 4433. Kamera imelala ubavu, kwa hiyo dunia imelala, na kwa mbali kuna mtu anakimbilia gari, ametupa mkono nyuma. Nikabonyeza kitufe cha kukuza. Kamera hizi zinabeba vitu vingi kuliko unavyoviona kwenye kioo kile kidogo, unakuza, unakuza, na bado kitu kipo. Nikakuza mpaka kwenye kifundo cha mkono. Mkanda wa bluu. Na kola ninaijua, na uso umegeuka nusu, unatazama nyuma. Ni Desideri Malongo, hata mama yake angemwita.

Kupiga picha nimeacha sasa. Kwa jicho moja umbali unakudanganya, kwenye harusi ya mwisho nilikanyaga keki. Nikawaomba watu samahani, nikawanunulia keki nyingine, nikafunga duka. Hilo nimelikubali. Jicho langu simdai mtu, wavu nilivua mwenyewe.

Ila Mzee Yohana anakuja mjini kwa baiskeli, huo umbali wote, na kila akija anapita kwangu. Haingii ndani. Anasimama mlangoni na chupa ya asali ya mizinga miwili aliyoitundika upya.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Jicho?"

"Lipo linapumzika."

Tunacheka, anaondoka. Lakini mara ya mwisho hakuondoka. Alisimama anasugua kengele ya baiskeli kwa kidole gumba, kisha akasema, "Mwanangu, nimewaza sana. Labda kweli sikukiangalia vizuri kile kienge. Labda magome yalikuwa mabichi."

Nilimwonyesha picha palepale. Akatazama, akanirudishia kamera. "Wanasema ni ya mwaka mwingine," akasema. Mtu amerina asali maisha yake yote, ameniokoa kwa mgongo wake mwenyewe, na sasa anaanza kuamini kwamba magome yalikuwa mabichi.

Hapo ndipo nilipokubali kuwaandikia.

Vijana, picha zile nimeziweka kwenye kadi tatu, na 4417 nimeisafisha kubwa, kimo cha mlango. Kikundi kina mkutano wa wanachama wote msimu wa mavuno ukiisha. Mtanibebea, wawili mbele, wawili nyuma, tutaisimamisha pale mbele, na pembeni yake 4433. Mzee Yohana atakaa kiti cha mbele, nitamtoa mwenyewe nyumbani kwake. Na wewe Desideri Malongo, najua utasoma hapa, maana watu watakupelekea. Njoo na saa yako au uivue, vyovyote. Yule mzee aliuliza swali akiwa juu ya ngazi na mzinga wazi, akauliza kwa adabu, nawe ulikuwa hatua mbili kutoka kwake na chupa mkononi. Simama mbele ya watu wote umjibu, yeye mwenyewe, ukimtazama usoni:

Nani kazima moshi?